Utangulizi: Bretagne kwa Kuanzia Majini

Kwa aliyeko Paris, Bretagne ni mwisho wa nchi: rasi iliyochomoza magharibi kuingia Atlantiki, na treni ikishafika Brest haina pa kwenda tena. Mtazamo huo ndio uliozaa maelezo mepesi ambayo mwanafunzi mpya atayasikia kila mahali, kwamba Wabretoni wamebaki na lugha na mila zao kwa sababu walijificha pembeni. Karibu, msomaji, lakini tafadhali ingia kwa mlango wa pili, ule wa baharini.

Lugha yenyewe ilikuja kwa vyombo. Kibretoni ni lugha ya Kikelti, ndugu wa Kiwelisi na wa lugha ya kale ya Cornwall, na wataalamu wengi wanakubali kwamba ililetwa na watu waliovuka kutoka kisiwa cha Britania, hasa katika karne ya 5 na ya 6. Joseph Loth aliijenga hoja hiyo mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye padri François Falc'hun, bingwa wa lahaja, akasimama kuipinga: kwake, lugha ya Wagalia wa kale ilikuwa bado hai wageni walipofika, na Kibretoni, hasa kile cha Vannes, kimerithi mengi kwake. Léon Fleuriot akatafuta njia ya kati katika kitabu chake cha mwaka 1980. Ugomvi haukuwa wa sarufi tu; chini yake kulikuwa na swali la nani mwenyeji. Naona Falc'hun alitia chumvi, ila ndiye aliyetufunza kusikiliza kijiji baada ya kijiji.

Bara si pa kuogofya. Milima ya Arrée, iliyo mirefu kuliko yote huko, inaishia mita 385, na mwenyeji wa Kilimanjaro ana haki ya kutabasamu. Pwani ndiyo yenye mambo: takriban kilomita 2,700 za miamba, ghuba na midomo ya mito. Saint-Malo, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 12. Maji yakitoka, watu wa rika zote hushuka na ndoo na reki kuokota kombe, jicho moja kwenye saa, maana bahari hurudi kwa kasi. Karibu na hapo, kwenye mdomo wa mto Rance, maji hayohayo yanazalisha umeme tangu 1966.

Sasa itazame bendera, iliyobuniwa na Morvan Marchal mwaka 1923. Ina milia tisa, kila mmoja ukiwakilisha dayosisi ya zamani. Minne myeupe ni ya magharibi, kwa wasemaji wa Kibretoni. Mitano myeusi ni ya mashariki, ambako Rennes ipo, na ambako watu walisema Kigalo, lugha ya ukoo wa Kifaransa. Wengi wanaoipeperusha hudhani Bretagne ni Kibretoni tupu, kumbe kitambaa chenyewe kinawakanusha! Mlia mmoja mweusi ni wa Nantes, mji wa ngome ya watawala wa Bretagne, alikozaliwa Anne wa Bretagne, mmoja wa watawala hao, mwaka 1477. Serikali ya Vichy iliutenga mji huo na Bretagne mwaka 1941, na ramani ya mikoa iliyochorwa baada ya vita haikuurudisha. Maandamano ya kudai urudishwe hayajaisha.

Nadharia ya kujificha ina kasoro nyingine: inaisamehe shule. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasemaji wa Kibretoni walizidi milioni 1. Leo hawafiki robo ya hao. Mtoto aliyenaswa akikisema darasani alivishwa kitu shingoni, kipande cha ubao au kiatu kikuukuu, na njia ya kukivua ilikuwa kumnasa mwenzake. Waliomsoma Ngũgĩ wa Thiong'o watautambua mchezo huo. Wazazi waliokulia katika aibu hiyo, wakiona pia kwamba kazi ziko kwa Kifaransa, waliacha kuwasemesha watoto wao Kibretoni, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Shule za Diwan, zinazofundisha kwa Kibretoni, zilianza 1977 kwa juhudi za wazazi wenyewe, na wahitimu wake wanakisema kwa lafudhi ambayo wazee wa vijijini huicheka waziwazi. Kicheko hicho ndicho mada ya sura ya kwanza.