Slemu? Ambizaneni Kwanza!

Juzi kwenye briji niliangukia pua, msomaji wangu. Tulijaa karata kubwa kubwa, nikarukia slemu ya shupaza 6, yaani tule mizunguko 12 kati ya 13. Wapinzani wakafungua na ree ya uru, wakafuatisha mfalme wake. Kwisha! Bonasi ya pointi 500 ikayeyuka.

Kosa? Hatukuambizana. Mkishakubaliana turufu ni shupaza, taja pau 4: maana yake ree ya pau unayo, au huna pau hata moja. Mwenzako akijibu uru 4, mlango wa uru umefungwa. Akiruka akataja kopa 4, shtuka! Kama nawe uru hujazishika, rudi shupaza 4, utulie. Tamaa mbele, mauti nyuma!