Nani Atamzika?

Baada ya matangazo ya juma lililopita, msikilizaji mmoja wa Nyakato aliniuliza: mwanamume anayependa wanaume, ambaye kanisa lake linamhukumu, anang'ang'ania nini humo kanisani? Si aondoke tu?

Ndugu yangu, hebu tukumbuke kanisa ni kitu gani kwetu. Hapa Mwanza, Mkatoliki akifariki, parokia huuliza kwanza marehemu alikuwa jumuiya gani, na mwenyekiti wake anasemaje. Jumuiya ndiyo inayochanga, inayokesha msibani, inayobeba jeneza. Ukiondoka, nani atakuzika?

Wamormoni, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanakwenda mbali zaidi. Kwao familia huunganishwa hekaluni iwe moja hata baada ya kifo. Basi kijana wa namna hiyo akitoka, haogopi mazishi tu, anaogopa kumkosa mama yake milele. Novemba 2015 viongozi wao huko Utah, Marekani, waliagiza kwamba waumini waliofunga ndoa za jinsia moja wahesabiwe waasi, na watoto wao wasibatizwe kabla ya miaka 18. Aprili 2019 agizo hilo liliondolewa. Ndoa zenyewe bado hawazikubali. Shoga hubaki muumini kamili iwapo atajinyima tendo hilo maisha yake yote.

Turudi kwenye ziwa letu, ng'ambo ya pili, Uganda. Januari 2011 David Kato, mwalimu aliyetetea haki za mashoga, aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Katika mazishi yake kijijini Nakawala, mchungaji wa Kianglikana aligeuza mahubiri kuwa karipio dhidi ya mashoga. Zikazuka vurugu. Wanakijiji wakakataa kumzika. Rafiki zake wakalibeba jeneza wenyewe.

Aliyemwombea kaburini ni mzee Christopher Senyonjo, Askofu wa Buganda Magharibi tangu 1974 hadi 1998. Alipostaafu alifungua ofisi ya ushauri mjini Kampala. Mwaka 2001 wakamjia vijana waliokataliwa makwao na makanisani. Wengi wangetegemea awaambie wachague moja, imani au nafsi zao. Yeye aliwaambia Mungu anawapenda jinsi walivyo. Kanisa lake likamtaka awakemee na kuwaongoa, akakataa, likamzuia kuendesha ibada. Ni mzee aliyejua anapoteza nini.

Kwetu, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, na si chini ya miaka 30. Sidhani kama kimemtoa mtu yeyote kwenye kwaya. Kimemnyamazisha tu. Huyo anayemshangaza msikilizaji wangu pengine anaimba besi pembeni yake, na mchango wa msiba uliopita alitoa.