Vumbi la Breki, na Namna ya Kulipunguza

Msafiri atokaye Igamba wakati wa kiangazi hushuka garini amevaa nguo mbili: ile aliyoshonewa na fundi, na ile aliyovikwa na njia. Vumbi hilo jekundu twalijua sote. Lakini liko vumbi jingine, jeusi, lisilotoka ardhini. Tazama ringi za magurudumu ya mbele ya motokaa, uzipanguse kwa kidole. Kidole kitakuwa cheusi kama kilichogusa masizi. Hilo ni vumbi la breki, na leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu asili yake, madhara yake, na jinsi ya kulipunguza.

Asili yake. Ndani ya gurudumu mna sahani ya chuma iitwayo diski, izungukayo pamoja na gurudumu. Dereva akanyagapo breki, vipande viwili viitwavyo pedi huibana diski huku na huku. Nguvu ya mwendo hugeuka kuwa joto, na katika kusuguana huko pedi hulika, na diski hulika pia. Basi vumbi hilo ni unga wa pedi uliochanganyika na unga wa chuma. Chuma hicho kikinata katika ringi kisha kikapata maji hushika kutu, ndiyo maana uchafu huo hautoki upesi.

Madhara yake. Ringi chafu ni jambo dogo. Jambo kubwa ni mapafu. Chembe nyingine za vumbi hili ni ndogo mno, huelea hewani na kuvutwa pamoja na pumzi. Zamani pedi nyingi zilitiwa asbesto kwa kuwa haiungui. Lakini nyuzi zake zikiingia mapafuni hukaa humo miaka mingi, na mwisho huweza kuleta saratani. Uingereza, nchi ambayo Herbert Frood alianza kutengeneza vitu vya breki mwaka 1897, ilimaliza kupiga marufuku asbesto mwaka 1999. Tena mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kupima vumbi la breki lenyewe: motokaa ndogo mpya za petroli zimewekewa kikomo cha miligramu 7 kwa kila kilometa, na zile za umeme miligramu 3. Za umeme zimewekewa kikomo kidogo kwa sababu mota yake husaidia kupunguza mwendo, na breki hutumika kidogo. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Kuchagua pedi. Ziko aina tatu kubwa. Pedi zenye chuma kingi hustahimili joto, lakini hutoa vumbi jingi na huila diski. Pedi laini, zilizofanywa kwa nyuzi na gundi, hazipigi kelele wala haziidhuru diski sana, lakini zikipata moto mwingi nguvu zake hupungua. Pedi za kauri hutoa vumbi haba, nalo si jeusi sana, ila bei yake ni kubwa zaidi.

Mwenye gari dogo la abiria atafaidika na pedi za kauri. Lakini mwenye gari libebalo magunia ya kahawa au mahindi, na kushuka nalo mteremko wa Senjele, sharti afuate aina iliyoagizwa na mtengenezaji wa gari, hata kama ina vumbi. Ni afadhali kuosha ringi kila juma kuliko kushindwa kusimama mara moja. Unaponunua, hakikisha pakiti imeandikwa kwamba haina asbesto, nawe usivutwe na bei ndogo ya pedi isiyo na jina wala alama.

Kuziweka. Pedi nzuri iliyowekwa vibaya hutoa vumbi kuliko mbaya. Basi fundi na ayafuate haya:

1. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, wala lisitegemee jeki peke yake.

2. Vumbi la zamani lisipulizwe kwa pumzi wala kwa pampu ya upepo. Lilowanishwe kwa maji ya sabuni, kisha lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Katika malori na pikipiki nyingi zenye viatu vya breki, vumbi hujificha ndani ya ngoma; afunguaye ngoma na awe mwangalifu zaidi, tena afunike pua na mdomo.

3. Pedi zibadilishwe magurudumu yote mawili ya upande wa mbele, au yote mawili ya nyuma. Si moja peke yake.

4. Pini ziongozazo breki zisafishwe na kupakwa grisi istahimiliyo joto. Grisi isiguse uso wa pedi wala diski. Pini ikikwama, pedi haiachii diski, nayo hulika mchana kutwa. Ukiona gurudumu moja lina weusi kuliko mwenzake, jua huenda breki yake imekwama.

5. Diski iliyochimbika au kuwa nyembamba kupita kipimo chake ibadilishwe.

6. Kabla ya kuondoka, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Kisha, mahali pasipo na watu, punguza mwendo taratibu mara kama kumi, ukiziacha zipoe katikati, ili pedi na diski zizoeane.

Na dereva ana sehemu yake. Ashukapo mlima atumie gia ndogo, injini ilizuie gari, kama mota ifanyavyo katika gari la umeme. Breki isiyotumika bure haitoi vumbi, wala haipati moto ikamwangusha mwenyewe.

Tumeona gereji za njiani ambamo kijana hupuliza ngoma ya breki, na hatua chache kutoka hapo mama auza maandazi na watoto wala. Kijana huyo hajui avutalo. Twawaomba walimu na wenyeviti wa vijiji wamsomee maneno haya: ndoo ya maji na kitambaa havina gharama, lakini mapafu hayauzwi katika duka lolote la vipuri.