Sauti ya Sinema Nyumbani: Nunua Maneno Kwanza, Kishindo Baadaye

Filamu nyingi zinazotazamwa sebuleni huku Kakiika, kaskazini mwa jiji la Mbarara, zina sauti mbili: ya waigizaji, na juu yake ya VJ anayetafsiri na kusimulia. VJ Jingo, VJ Junior na VJ Emmy wamewazoesha Waganda kuzifuata filamu za Marekani na India kwa Kiganda. Msikilizaji wa Kiswahili naye amekuwa na wasimulizi wake, kama DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Wakongo, Warundi na majirani zao. Mwenye bajeti ndogo anayetaka mtambo wa sauti aanzie hapo, kwenye sauti ya msimulizi. Isiposikika vizuri, filamu imempita.

Madukani, kinachovutia macho kwanza ni boksi lenye spika tano na sabufa, yaani mfumo wa 5.1. Mfumo huo una maana pale filamu yenyewe inapobeba njia sita za sauti: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, mbili za nyuma na moja ya besi. Spika ya katikati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Lakini VJ anaporekodi, sauti yake huchanganywa na ya filamu, kisha faili huhifadhiwa kwa njia mbili tu, na hivyo ndivyo unavyoipata kwenye flashi. Ukiicheza kwenye 5.1 ya bei rahisi, mara nyingi spika za nyuma hurudia yaleyale ya mbele, na msimulizi anakuzungumzia kisogoni. Umelipia spika tano, zote za plastiki nyepesi, kwa fedha ambazo zingekupa mbili nzuri.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa sebule ya kawaida ni spika mbili za mbele zenye maboksi ya mbao, au sabufa ya 2.1 ambayo spika zake ndogo si vichezeo. Herufi zinazotofautisha neno na neno, kama s, f, t na k, zinategemea sana masafa ya juu, kuanzia hezi 2,000 kwenda juu. Sabufa inafaa chini ya hezi 120 hivi. Spika za pembeni zikiwa ndogo mno, mtengenezaji hulazimika kuiachia sabufa ipande hadi hezi 200 au 300, na humo tayari mna sauti ya mwanamume. Matokeo yake mtangazaji wa mpira anasikika kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

Usidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Tarakimu zenye alama ya PMPO, hata ziwe 10,000, hazifuati kipimo chochote kinachokubalika. Tafuta RMS, yaani nguvu ambayo mtambo unaweza kuihimili mfululizo. Kisha geuza mtambo usome bati la nyuma: likisema unatumia wati 60 za umeme, hauwezi kutoa wati 500 za sauti mfululizo. Tena, kuongeza nguvu maradufu hupandisha sauti kwa desibeli 3 tu, badiliko dogo masikioni. Ili usikie sauti imekua mara mbili, unahitaji takriban mara kumi ya nguvu.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni wepesi wa spika yenyewe kutoa sauti, unaopimwa kwa desibeli kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 91 ikipewa wati 10 inalingana na ya desibeli 85 iliyopewa wati 40. Kwa nyumba ya Kakiika iliyounganishwa na gridi tofauti hiyo ni nafuu ndogo. Kwa nyumba ya Nakivale inayotegemea sola, hiyo ni saa nzima ya kutazama.

Tupige hesabu ya sola. Betri ya maji ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, basi una 600. Mtambo unaokula wati 30 kwa saa tatu umetumia 90. Inveta iliyoachwa imewashwa bila kazi ikila wati 5 tu, kwa saa 24 imetumia 120, zaidi ya mtambo wenyewe. Penye sola, tafuta mtambo unaopokea volti 12 moja kwa moja, wenye amplifaya ya daraja D, ambayo hupoteza umeme kidogo sana kuliko zile za zamani zenye kuchemka. Na ukimaliza kutazama, zima kwenye swichi. Rimoti peke yake haitoshi.

Mitumba nayo ina baraka zake. Amplifaya ya zamani iliyotunzwa na spika za mbao huweza kuupita mtambo mpya wa bei ileile. Kagua mambo mawili. Kwanza voltaji: Uganda tunatumia volti 240, na kifaa kilichotengenezewa Japani kwa volti 100 au Marekani kwa 120 kitaungua usipokuwa na transfoma. Pili, bonyeza kwa upole ukingo laini unaoshika koni ya spika. Ukimomonyoka kama chaki, spika hiyo inadai matengenezo kabla ya kuimba.

Ukifika nyumbani, chumba ndicho kinachoamua. Kuta za matofali zilizopigwa plasta na sakafu ya saruji hurudisha sauti, maneno yakakanyagana. Mkeka au zulia mbele ya televisheni, pazia zito na kochi la kitambaa husaidia kuliko kuongeza spika. Weka spika usawa wa masikio ya aliyeketi, umbali kati yake ulingane na umbali hadi kwako. Sabufa iliyosukumwa kwenye kona huvuma zaidi. Ivute mbele kidogo uone maneno yanavyosafika. Besi hupenya ukuta kwa urahisi kuliko sauti nyingine yoyote, na jirani mwenye mtoto mchanga anastahili kulala. Ama mvua juu ya bati, haishindwi na mtambo wowote wa bei yetu. Fedha ya kuishinda itie kwenye dari.

Kuunganisha televisheni, waya ni bora kuliko Bluetooth, ambayo mara nyingi huchelewesha sauti hadi midomo na maneno visipatane. Kama televisheni yako ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, waya mmoja unatosha, mradi mtambo nao uwe na tundu kama hilo.

Mwisho, nenda dukani Mbarara na flashi yako. Iwe na filamu ya VJ unayoijua, dakika chache za taarifa ya habari na kipande cha mpira kilichotangazwa. Muuzaji atapenda kukuwekea muziki wa besi, kwa sababu besi huficha kasoro. Mwambie kwa adabu: "Kaka, niwekee hii yangu, na besi uishushe hadi katikati." Sikiliza kwa sauti ya chini, kama utakavyosikiliza usiku watoto wamelala. Ukiyashika maneno yote bila kukaza masikio, toa fedha, dai risiti na uandikiwe muda wa dhamana. Anayerudi Nakivale ajaribu pia kwa betri ya volti 12 papo hapo, maana nauli ya kurudisha mtambo mbovu ingetosha kumnunulia waya bora wa spika.