Kitufe Kisichojua Makusudi: Rimoti ya Ufunguo wa Gari na Namna ya Kuikinga

Uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga umejengwa kwenye kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, unajulikana kwa baridi yake. Katika miezi ya Juni na Julai watu hutembea wamevaa makoti mazito na masweta, na ndani ya mifuko ya makoti hayo hukaa vitu vingi pamoja: fedha, simu, kalamu na, kwa yule mwenye gari, ufunguo. Zamani jambo hilo halikuwa na madhara. Ufunguo wa chuma mtupu hauwezi kufungua mlango ungali mfukoni. Sharti utolewe, uingizwe tunduni na kuzungushwa. Ufunguo wa siku hizi, ambao aghalabu una rimoti, si hivyo. Rimoti huweza kuamuru milango ifunguke wakati mwenyewe anafikiri mambo mengine kabisa.

Magari mengi ya watu binafsi nchini Tanzania hununuliwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika, nayo hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Huko Rukwa safari za magari hayo zilirahisishwa wakati barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, ipitayo Laela na yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, ilipotiwa lami chini ya mkataba wa msaada wa Marekani uliotiwa saini mwaka 2008 na kumalizika mwaka 2013. Pamoja na magari zimekuja rimoti zake, nyingi zikiwa kuukuu, mpira wa vitufe umelegea na kingo zimelika.

Hebu tufikirie mwalimu aliyeegesha gari karibu na soko. Ndani ya gari mna gunia la maharage, mfuko wa vitabu vya shule na mkoba wa karatasi za mtihani. Anainama kuchagua viazi, paja linabana mfuko wa suruali, kitufe kinabonyea. Nyuma yake milango inafunguka bila yeye kusikia. Au ni majira ya mvua, yaani kati ya Novemba na Aprili, na gari lake ni la aina ile ambayo kitufe cha kufungulia kikishikiliwa kwa sekunde chache hushusha vioo vyote. Hatari ya kitufe kilichobonyezwa bila kukusudia ni mali iliyoachwa wazi, gari lililojaa maji, au betri iliyokwisha nguvu mahali pasipo na duka. Basi yafaa tuelewe kwa nini mambo haya hutokea na jinsi sayansi inavyoyazuia.

Mlango na wimbi

Rimoti ya kwanza kuuzwa pamoja na gari ilitokea Ufaransa. Ilibuniwa na Paul Lipschutz, nayo ikawekwa katika gari la Renault Fuego mwaka 1982. Rimoti hiyo ilitumia miali ya infraredi, ambayo ni jamaa ya mwanga isipokuwa macho yetu hayaioni. Miali hiyo haipenyi kitambaa kizito. Kwa hiyo aliyeibonyeza kwa bahati mbaya ndani ya koti hakulifungua gari lake.

Rimoti za leo hutumia mawimbi ya redio. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia masafa yanayokaribia megahezi 315, na zile za Ulaya kwa kawaida hutumia megahezi 433.92. Mwanafunzi anayejua kwamba mwendo wa wimbi ni sawa na masafa mara urefu wa wimbi, na kwamba mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, ataona kuwa urefu wa wimbi la megahezi 315 ni karibu mita 1. Wimbi hilo hupita katika kitambaa, ngozi na plastiki bila taabu. Ndiyo kusema kwamba faida ile ile inayotuwezesha kufungua gari tukiwa mbali ndiyo iliyoondoa kinga ya mfuko.

Namba inayosonga mbele

Kila kitufe kinapobonyezwa, rimoti hutuma namba ya siri. Ingekuwa namba hiyo ni moja daima, mwizi angeweza kuinasa na kuirudia. Kwa sababu hiyo rimoti hubadilisha namba kila mara, na gari hujua namba inayotarajiwa. Mfumo mmoja mashuhuri wa namna hii, uitwao KeeLoq, ulibuniwa hapa hapa Afrika: ulitengenezwa na kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini katika miaka ya 1980, kisha mwaka 1995 ukanunuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani.

Katika mfumo huo rimoti ina kihesabio chenye hatua 65,536. Kitufe kikibonyezwa mbali na gari, rimoti hupiga hatua moja mbele na gari hubaki nyuma. Wabunifu walilifikiria jambo hili. Gari hukubali namba yoyote iliyo ndani ya hatua 16 zinazofuata. Rimoti ikiwa imekwenda mbele zaidi ya hapo, gari halifunguki kwa mbonyezo wa kwanza. Husubiri mbonyezo wa pili, na likiona namba mbili zinafuatana sawasawa, hujirekebisha na kutii. Hivyo basi, msomaji anayeona kwamba gari lake hukataa mara ya kwanza na kukubali mara ya pili, ingawa betri ni mpya, ana sababu ya kushuku kuwa rimoti yake inabonyezwa mfukoni bila yeye kujua.

Nguvu, eneo na umbo

Chini ya mpira wa kitufe mna swichi ndogo, na ndani yake bati jembamba lililobinuka kama mgongo wa kobe. Bati hilo likisukumwa hudidimia kwa kiasi cha robo milimita hivi, hutoa mlio mdogo na kukamilisha njia ya umeme. Swichi nyingi za aina hii huhitaji nguvu ya nyutoni 1.5 hadi 3, yaani uzito wa gramu 150 hadi 300. Kikombe cha chai iliyojaa kinatosha.

Sasa tulinganishe. Mtu mwenye kilo 60 akiketi, kiti hubeba uzito wa nyutoni 600 hivi. Hata asilimia moja tu ya uzito huo ikiangukia kitufe, ni nyutoni 6, na swichi itakubali. Kwa hiyo si jambo la busara kudhani kwamba dawa ni kukifanya kitufe kiwe kigumu tu. Kitufe cha kuishinda nguvu ya paja kingemshinda pia mzee mwenye vidole vinavyouma.

Njia bora ni kutumia umbo. Kitufe kikikaa ndani ya kishimo, au kikizungukwa na ukingo ulioinuka kidogo, kitu kipana kama paja au kitabu hutua juu ya ukingo na uzito wake hubebwa na ganda la plastiki. Ncha ya kidole, ambayo ni nyembamba na laini, huingia kishimoni na kukifikia kitufe. Lakini yafaa ieleweke kuwa ukingo una mpaka wake: hauzuii vitu vyenye ncha. Meno ya ufunguo mwingine, ukingo wa sarafu au kalamu huweza kuingia kishimoni kama kidole. Ndiyo maana rimoti iliyofungwa pamoja na funguo nyingi hubonyezwa ovyo kuliko ile inayokaa peke yake.

Ushahidi wa makusudi

Mfugaji anayejenga zizi la ng'ombe hukutana na tatizo lile lile. Ng'ombe husukuma mlango kwa uzito mkubwa kuliko wa mtu. Mfugaji hashindani na ng'ombe kwa nguvu. Huweka miti ya kupitisha kwa ubavu, ambayo lazima ichomolewe kwa kuvutwa pembeni, mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe anajua kusukuma mbele tu, na binadamu anajua utaratibu. Mlango wa zizi hudai ushahidi kwamba anayeufungua amekusudia kuufungua.

Wahandisi wa rimoti hufuata kanuni hiyo hiyo kwa njia kadha. Kwanza ni muda: vitufe vya buti na vya king'ora mara nyingi havitii mpaka vishikiliwe kwa muda. Pili ni kurudia: katika magari mengi mbonyezo mmoja hufungua mlango wa dereva tu, na wa pili hufungua milango iliyobaki. Tatu ni kusahihisha: magari mengi hujifunga tena yenyewe baada ya nusu dakika au dakika moja iwapo hapana mlango uliofunguliwa. Njia hii ya tatu haizuii kosa, ila hulipunguzia madhara. Nayo haisaidii kitu pale kosa linapokuwa la kufunga, kwa mfano mtoto anapobaki ndani pamoja na ufunguo. Kwa ajili hiyo ufunguo wa akiba ni wa lazima, na mahali pake si ndani ya gari.

Betri na baridi

Rimoti nyingi hutumia betri bapa ya lithi ijulikanayo kwa jina la CR2032: upana wake ni milimita 20, unene milimita 3.2, na nguvu yake ni volti 3. Akiba yake ni kama miliampea-saa 220. Tuchukulie kwamba rimoti inapotuma wimbi hutumia miliampea 10. Kwa hesabu rahisi, 220 ikigawanywa kwa 10, betri itadumu saa 22 kitufe kikishikiliwa bila kuachwa. Kwa maneno mengine, betri ambayo ingetumika kwa miaka inaweza kwisha katika safari moja ya basi kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, iwapo rimoti imebanwa chini ya mizigo. Baadhi ya rimoti hukata wimbi zenyewe baada ya sekunde kadhaa, lakini mtikisiko wa njia huweza kukibonyeza kitufe upya kila mara.

Baridi huongeza tatizo. Betri ikipoa, ukinzani wake wa ndani hupanda, na volti zake hushuka rimoti inapotaka kutuma wimbi. Betri iliyochoka huweza kugoma alfajiri na kutii adhuhuri. Hili likitokea, msomaji asiingiwe na hofu. Ndani ya rimoti nyingi mna ulimi wa chuma unaofungua mlango wa dereva. Isitoshe, chipu inayoruhusu injini iwake kwa kawaida haitegemei betri hiyo. Hupata umeme wake kutoka katika koili iliyo karibu na tundu la ufunguo. Katika magari ya kuwasha kwa kitufe, aghalabu hutosha kuigusisha rimoti kwenye kitufe hicho.

Yaliyo mikononi mwetu

Tufanye nini na rimoti kuukuu tuliyo nayo? La kwanza, itenganishwe na funguo nyingine na sarafu, na isiwekwe mfuko wa nyuma. La pili, mpira uliochakaa ubadilishwe. Fundi anaweza kuhamishia mtambo wa ndani katika ganda jipya. La tatu, mtu anaweza kujitengenezea ukingo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyobandikwa pande mbili za kitufe hadi viwe juu kuliko kitufe chenyewe. Tahadhari: mpira usipite juu ya kitufe, maana utakibonyeza mchana kutwa.

Kuna wanaoifunga rimoti kwa karatasi ya alumini. Karatasi hiyo, ikifunika vizuri, huzuia wimbi lisilifikie gari. Lakini haizuii mbonyezo: betri huendelea kutumika na kihesabio huendelea kusonga. Kikebe kigumu chenye kifuniko ni bora, kwa kuwa hubeba uzito wote, na kikiwa cha bati huzuia na wimbi pia.

Jaribio la darasani

Chukueni rimoti iliyokwisha kuharibika, bila betri. Ilazeni mezani, simamisheni kipande cha kifutio juu ya kitufe, na juu yake chombo chepesi cha plastiki kilichoshikiliwa kisianguke. Mimineni maji polepole kutoka katika silinda ya kupimia mpaka mlio wa swichi usikike. Kila mililita 100 za maji zina uzito wa karibu nyutoni 1. Ongezeni uzito wa chombo. Rudieni mara tano na mtafute wastani. Kisha wekeni kingo za tyubu, mwondoe kifutio, na badala yake mlaze kitabu juu ya kingo kabla ya kuweka chombo. Linganisheni majibu. Mwisho rudisheni kifutio katikati ya kingo, na mweleze kwa nini kinga iliyokishinda kitabu haikukishinda kifutio.

Kitufe hakijui nani amekibonyeza wala kwa nini. Hujua nguvu tu. Kazi ya mhandisi ni kukipa umbo na utaratibu utakaotenganisha kidole kilichokusudia na paja lililoinama. Kanuni hiyo hutumika pia katika swichi ya mashine ya kusaga, kwenye kifuniko cha chupa ya dawa na katika jiko la gesi. Mwanafunzi aangalie vifaa vya nyumbani kwao na kuuliza juu ya kila kimoja: je, kifaa hiki hudai ushahidi gani kabla ya kutii?