Gharama za Matengenezo Zinapozidi Makubaliano: Haki na Wajibu wa Mwenye Chombo na Fundi

Kwa mkazi wa Ilemba, chombo cha moto ni nyenzo ya kazi. Pawatila hulima majaruba ya mpunga, pikipiki hubeba abiria na wagonjwa, na Fuso hupandisha mazao kutoka Bonde la Ziwa Rukwa hadi uwanda wa juu wa Ufipa. Chombo kinapoharibika wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, kila siku kinayolala gereji ni siku ya kipato iliyopotea. Ndiyo maana mwenye chombo hukubali haraka bei anayotajiwa, na ndiyo maana hughadhibika anapokuja kukichukua na kuambiwa kuwa deni limekuwa maradufu.

Migogoro ya namna hii huharibu mahusiano ya watu wanaotegemeana. Mteja hubaki bila chombo, fundi hubaki bila ujira, na mara nyingi kila mmoja huamini kuwa mwenzake ni mwizi. Makala haya yanaeleza kwa nini gharama huongezeka, sheria inasemaje, na hatua gani zichukuliwe kabla na baada ya mgogoro kutokea.

Kwa nini gharama huongezeka

Si kila nyongeza ni udanganyifu. Yapo maradhi ya injini yasiyoonekana mpaka ifunguliwe. Pikipiki inayotoa moshi wa bluu, kwa mfano, inaunguza oili. Fundi anaweza kukisia kuwa ringi za pistoni zimekwisha, lakini akifungua akakuta silinda imekwaruzika. Hapo ringi mpya peke yake hazitatosha. Silinda itahitaji kuchongwa kwa mashine na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, au kubadilishwa kabisa. Vivyo hivyo, cheni ya pikipiki huchakaa pamoja na sproketi zake. Anayefunga cheni mpya juu ya sproketi zilizokwisha meno ataiona cheni hiyo ikiharibika mapema.

Mazingira yetu nayo yana sehemu yake. Magari yanayoshuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa yakiwa na mzigo huchosha breki kwa joto, na hali huwa mbaya zaidi dereva anapotegemea breki badala ya gia ndogo. Pawatila zinazofanya kazi majarubani hupitisha maji na tope kwenye sili zilizochakaa hadi kufika kwenye bearingi. Na spea isiyopatikana kijijini hulazimika kuagizwa mjini Sumbawanga au mbali zaidi, hivyo nauli huongezeka juu ya bei yake.

Hata hivyo, sababu ya kweli ya kiufundi haimpi fundi ruhusa ya kuamua peke yake. Anayejua ugonjwa wa injini ni fundi, lakini mwenye fedha na mwenye chombo ni mteja. Migogoro mingi ingeepukika kama fundi angesimamisha kazi na kumpigia simu mwenye chombo kabla ya kuendelea.

Sheria inasemaje

Makubaliano ya matengenezo ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua mkataba uliofanywa kwa hiari, baina ya watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Mkataba wa mdomo nao una nguvu. Ugumu wake ni katika kuuthibitisha. Sheria hiyo inataka pia pande zote mbili ziwe zimekubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya bei iliyopatanwa na makisio. Fundi aliyesema "kazi yote ni shilingi 80,000" amepatana bei. Aliyesema "inaweza kufika 80,000, tutaona tukifungua" ametoa makisio. Mteja na aulize mapema ni lipi kati ya hayo mawili.

Mteja naye asidhani kuwa kazi yoyote asiyoiagiza ataipata bure. Sheria hiyo hiyo inamtaka mtu aliyenufaika na kazi halali, ambayo haikukusudiwa kuwa msaada, amlipe fidia aliyeifanya. Kwa hiyo fundi aliyeongeza kazi bila idhini amejiweka katika hatari ya kutolipwa alichotarajia, na mteja anayefurahia kazi hiyo huku akikataa kulipa chochote hana hakika ya kushinda.

Je, fundi anaweza kuzuia chombo? Sheria inamruhusu mtu aliyekabidhiwa mali na kuifanyia kazi ya nguvu au ujuzi kuizuia mpaka alipwe ujira wake halali, isipokuwa kama walipatana vinginevyo. Haki hiyo ni ya kuzuia tu. Haimruhusu kukiendesha chombo kwa shughuli zake, kukikodisha, wala kuchomoa kifaa na kukiuza ili kufidia deni. Akiwa nacho, anapaswa kukitunza kama mtu mwangalifu anavyotunza mali yake mwenyewe.

Aidha, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji. Kumuuzia mteja spea ya bandia kwa jina la spea halisi, au kudai kifaa kimebadilishwa ilhali hakikuguswa, ni upotoshaji wa aina hiyo.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Katika jimbo la California, Marekani, sheria inamtaka mwenye gereji kutoa makisio ya maandishi na kupata idhini ya mteja kabla ya kuyavuka. Mteja pia ana haki ya kuomba arudishiwe vifaa vilivyotolewa. Nasi tunaweza kujiwekea utaratibu huo kwa makubaliano yetu wenyewe, kwani hauhitaji zaidi ya daftari na kalamu.

Kabla ya kukabidhi chombo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wananchi wanashauriwa kuandika karatasi moja, nakala mbili, yenye mambo yafuatayo:

1. Jina na simu ya mwenye chombo na ya fundi, pamoja na namba ya usajili. Kama anayeleta chombo ni dereva tu, iandikwe nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha gharama.
2. Hali ya chombo kinapopokelewa: mafuta, betri, matairi, vioo na vifaa vilivyomo.
3. Tatizo lililolalamikiwa na kazi iliyokubaliwa.
4. Bei ya spea na ujira wa fundi, kila kimoja peke yake.
5. Kiwango ambacho fundi hatakivuka bila idhini, na gharama ya kufungua tu endapo mteja ataamua kutoendelea.
6. Tarehe ya kumaliza, muda wa uangalizi baada ya kazi, na sharti la kurudishiwa vifaa vya zamani.

Tuchukue mfano. Mteja amekubali makisio ya shilingi 80,000 kwa kubadilisha ringi na gasketi. Injini inafunguliwa, silinda imekwaruzika, na nyongeza inayohitajika ni shilingi 110,000. Fundi asimamishe kazi, amwoneshe mteja silinda hiyo au amtumie picha, kisha amweleze njia tatu: kukamilisha kazi yote kwa shilingi 190,000, kufunga ringi pekee akijua kuwa moshi unaweza kurudi, au kulipia kufunguliwa na kuchukua chombo chake. Uamuzi ni wa mteja, na jibu lake liandikwe.

Ujumbe wa simu na taarifa ya malipo kwa njia ya simu visifutwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa mahakamani. Spea zikinunuliwa dukani, idaiwe risiti, na mteja akiweza aende kununua mwenyewe akiongozana na fundi.

Mgogoro ukitokea

Hatua ya kwanza ni mazungumzo. Mteja aombe mchanganuo wa gharama, aoneshwe vifaa vilivyotolewa, na alipe sehemu isiyobishaniwa huku akiandikiwa risiti. Ikibidi, fundi mwingine anayeaminiwa na pande zote aitwe kukagua kazi.

Ikishindikana, shauri lipelekwe kwa uongozi wa kijiji au katika Baraza la Kata. Sheria ya Mabaraza ya Kata, Sura ya 206, imelipa Baraza jukumu la kudumisha amani na kusuluhisha migogoro katika eneo lake. Anayeona suluhu haikupatikana anaweza kufungua madai katika Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Ieleweke kuwa kubishania bei ni jambo la madai, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Lakini fundi akiuza kifaa cha mteja, au mteja akivunja gereji usiku kuchukua chombo kilichozuiwa, jambo hilo linaweza kuwa jinai.

Wito kwa mafundi

Fundi anayeandika hajipunguzii kipato. Karatasi ile ile inayomlinda mteja ndiyo itakayomsaidia fundi kudai ujira wake kwa mteja msumbufu. Mafundi waliojifunza kazi gerejini bila kupita chuoni wanahimizwa kuufuatilia mpango wa VETA wa urasimishaji ujuzi, unaompima fundi kwa kazi anayoiweza na kumpatia cheti. Vilevile, mafundi wafike kwa Afisa Biashara wa Halmashauri kupata maelekezo ya leseni, kwani biashara iliyosajiliwa humpa mteja imani ya kurudi.

Mvua zinapokaribia, na kabla pawatila haijaingia jarubani, mwenye chombo na fundi wakae chini, wakague, wapatane na waandike. Nusu saa ya kuandika ni nafuu kuliko wiki mbili za kulumbana wakati shamba linasubiri.