Redio za upepo zikigongana msimu wa kahawa

Vijana wenzangu wa Bukoba na Muleba, swali hili nalipata sana wakati wa mavuno: "Bwana shamba, redio zetu mbona hazishikiki? Kila ukibonyeza kuna mtu anaongea." Gari likichelewa kwa sababu hiyo, kahawa mbivu inapata joto ndani ya gunia na kuanza kuchacha. Hiyo ni bei inashuka.

Wengi mnataka redio zenye nguvu zaidi. Subirini kwanza. Chaneli ni kama daraja la gari moja: anayeongea amelifunga, wengine wanangoja. Ukiongeza nguvu, unawafungia hata walio mbali. Na zile namba za toni zinawazuia tu kusikia kikundi kingine. Chaneli inabaki imeshikwa vilevile.

Piga hesabu. Mazungumzo 40 kwa saa, kila moja sekunde 45, ni dakika 30. Nusu saa nzima imeliwa! Yakiwa ya sekunde 15, ni dakika 10 tu. Kwa hiyo nashauri mwende kwa mpangilio huu:

1. Ongea kifupi. "Fuso, gunia 30 Kamachumu, njoo." Salamu za Kihaya, tunazipenda, lakini ziwekeni mtakapokutana.

2. Ndani ya shamba tumia nguvu ndogo. Wenzako wa kilima kingine wataweza kutumia chaneli hiyohiyo.

3. Mkibadilisha redio, angalieni za kidijitali za mfumo wa DMR. Kwenye chaneli ya kilohezi 12.5, mtambo wa kurusha mawimbi hugawa muda kwa zamu za haraka mno, hivyo mazungumzo mawili yanapita kwa pamoja.

4. Wenye chaneli kadhaa, ziunganisheni. Fikiria kijiwe cha boda: abiria anapanda iliyo tayari, hasubiri boda yake maalumu. Mtambo nao humpa kila mzungumzaji chaneli iliyo wazi kwa wakati huo.

Masafa hayachaguliwi kiholela. Anayegawa ni TCRA, kwa leseni, chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010. Waulizeni kabla ya kununua chochote, maana redio isiyoruhusiwa ni hasara.

Namba moja na mbili hazina gharama. Anzeni nazo wiki hii, mhesabu dakika zenu, halafu ndipo mfikirie kufungua pochi.